Maumivu ya kinena kwa mnyanyua vyuma: kujua kilichoumia, kukitibu na kurudi kwenye skwati

Kijana mmoja tunayefanya naye mazoezi uani alikaa wiki tatu akiniambia, "Kocha, ni nyonga tu imekaza." Kila akimaliza seti ya skwati, yaani kuchuchumaa na kuinuka na chuma mabegani, alikuwa anatia mkono mfukoni, anabonyeza kitu, kisha anautoa kama mtu anayetafuta simu. Siku moja nikamwita pembeni, nikamwambia aweke vidole viwili juu kidogo ya mkunjo wa paja, halafu akohoe. Akakohoa. Akaniangalia. "Kocha, kuna kitu kinasukuma." Ilikuwa ngiri. Uvimbe alikuwa ameshauona zamani akioga. Haya ndiyo iliyomfunga mdomo.

Mtu akiumia bega atalitangaza jimu nzima. Akiumia kinena, au manena kama wengi tunavyosema, atakuambia "mguu", atakuambia "kiuno", atakuambia amechoka tu, kisha atarudi chini ya chuma. Nami nilikuwa hivyo. Wiki moja baada ya Idi, nikiwa nimepunguza mazoezi mwezi mzima wa Ramadhani, nilitaka kurudi kwenye kilo zangu 110 kwa pupa. Seti ya tatu ya skwati ya miguu mipana, nikiwa chini kabisa, nikahisi kama uzi umekatika ndani ya paja la kulia. Sikumwambia mtu. Nikaanza kuchana msamba kila asubuhi nikiamini msuli umekaza na unahitaji kuvutwa. Miezi minne nilikuwa nalivuta jeraha.

Ukubwa wa tatizo uko kwenye ramani ya mahali penyewe. Pale tumbo linapokutana na paja pana misuli mitano ya ndani ya paja, kazi yake kuvuta miguu ikutane. Pana msuli mnene unaotoka mgongoni kwenda kukunja nyonga. Pana ukuta wa chini wa tumbo na mfupa wa kinena. Na ndani zaidi ya vyote hivyo, kiungo chenyewe cha nyonga. Chochote kati ya hivi kikiumia, maumivu yanasikika karibu mahali pamoja. Hata madaktari wa michezo walikuwa wakiita tatizo moja kwa majina mengi, hadi Novemba 2014 wataalamu 24 kutoka nchi 14 walipokutana Doha, Qatar, wakakubaliana kuyagawa maumivu haya kufuatana na mahali yanapotoka. Nitafuata mgawanyo huo, kwa sababu unampa hata mtu asiye daktari pa kuanzia.

Kwanza kabisa: yasiyongoja kesho

Haya hayatibiwi jimu, wala kwa ushauri wa mtandaoni. Ukiona mojawapo, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Korodani inayouma ghafla na kwa ukali, pengine na kichefuchefu, au moja ikiwa imepanda juu kuliko mwenzake. Huenda imejisokota na damu haifiki. Hapa mnahesabu saa: baada ya saa 6 hivi uwezekano wa kuiokoa unapungua haraka. Vijana wa balehe ndio wanaopatwa zaidi, na ndio wanaoona haya zaidi. Mzazi au kocha, mwambie kijana wako jambo hili kabla halijatokea.

Uvimbe wa kinena ambao zamani ulikuwa unarudi ndani ukilala, leo umekuwa mgumu, unauma, haurudi, na wewe mwenyewe unatapika au hupati choo wala hewa. Hiyo ni ngiri iliyobanwa, na utumbo unaweza kufa ndani yake. Usijaribu kuusukuma kwa nguvu.

Umesikia kitu kimekatika, paja limevimba na kuwa jeusi kwa damu, na huwezi kukanyaga. Au una homa pamoja na maumivu. Au wewe ni dada, hedhi imechelewa, na maumivu ya upande mmoja chini ya tumbo yameanza: lazima daktari ahakikishe kwanza kwamba si mimba iliyotunga nje ya kizazi, kabla ya kusema ni msuli.

Kuna mengine mawili ambayo si ya usiku huo, lakini yanahitaji daktari mapema. La kwanza ni mtu mwenye selimundu anayeumwa kinena kwa ndani kila akikanyaga. Ugonjwa huo unaweza kuziba damu inayolisha kichwa cha mfupa wa paja, na mfupa ukaanza kufa polepole. Asiambiwe "ni mazoezi". La pili ni maumivu ya ndani yanayozidi siku hadi siku kwa anayekimbia sana au anayekula kidogo huku akifanya mazoezi mengi, na yanamwamsha usiku. Huenda shingo ya mfupa wa paja ina ufa. Aache kukimbia na kuruka mpaka apigwe picha.

Hatua ya 1: tafuta panapouma kwa kidole kimoja

Subiri siku ambayo mwili haujachoka. Lala kitandani, taja namba ya maumivu kuanzia 0 hadi 10 kwa kila jaribio, na uandike. Usitegemee kumbukumbu, wiki mbili baadaye utajidanganya.

*Misuli ya ndani ya paja.* Nyosha miguu, mwenzako aweke mkono wake kati ya vifundo vyako, kiwiko upande mmoja na ngumi upande wa pili. Bana kwa nguvu zako zote sekunde 5. Namba 0 hadi 2 ni taa ya kijani, 3 hadi 5 ni njano, 6 na kuendelea ni nyekundu. Kisha papasa kano inayosimama kama kamba ndani ya paja, juu kabisa, inapojishika kwenye mfupa. Ikiwa kubana kunauma na kidole kinauma hapo hapo, umempata mhusika. Kwa wanyanyua vyuma huyu ndiye ninayekutana naye mara nyingi, hasa kwa wanaopenda skwati na dedilifti (kuinua chuma kutoka chini hadi mapajani) za miguu mipana, kwa sababu msuli mkubwa kuliko yote mitano ndio unaosaidia makalio kukuinua kutoka chini kabisa.

*Msuli wa kukunja nyonga.* Keti kwenye kiti, inua goti huku ukilisukuma chini kwa mkono wako. Maumivu ya mbele, katikati ya mkunjo, yanayokusumbua pia ukipanda ngazi au ukiingia kwenye gari, yanaelekea huku.

*Ukuta wa chini wa tumbo.* Kohoa. Piga chafya kama inakuja. Jaribu kuinuka kutoka kulala bila kutumia mikono. Maumivu yakiwa juu ya mkunjo, simama, weka vidole, kohoa tena, na uangalie kama kuna kitu kinachotokeza. Kikitokeza, ni ngiri mpaka daktari aseme vinginevyo. Akina dada waangalie hata chini ya mkunjo, upande wa paja: ngiri ya hapo huwapata wao zaidi, ni ndogo, na ni rahisi kubanwa.

*Mfupa wa kinena wenyewe.* Maumivu yako katikati, juu ya mfupa, na kidole kikibonyeza hapo unaruka.

*Kiungo cha nyonga.* Mwambie mtu akuoneshe panapomuuma. Mwenye tatizo la kiungo haoneshi kwa kidole. Anaishika nyonga kwa ubavuni, dole gumba nyuma na vidole mbele, kama anashika kikombe kipana. Lala chali, vuta goti kifuani, lipeleke kuelekea bega la pili, kisha zungusha unyayo utoke nje. Likibana au kuchoma kwa ndani, kiungo kinahusika. Watu hawa hulalamika kukaa muda mrefu kwenye daladala, na chini kabisa ya skwati wanasema "kuna kitu kinagongana".

Unaweza kukuta sehemu mbili zinauma kwa pamoja. Hilo ni la kawaida, wala si dalili kwamba umejipima vibaya.

Na kuna uvimbe ambao si wa chuma kabisa. Mtoki ni tezi zilizovimba kinenani. Tazama kama una kidonda mguuni, ukucha uliooza, au dalili za ugonjwa wa zinaa. Pwani yetu tunajua pia busha, maji yanayojaa kwenye mfuko wa korodani, ambalo mara nyingi huletwa na minyoo ya matende inayoenezwa na mbu. Yote mawili yana matibabu hospitalini, na hakuna zoezi linaloyaondoa.

Neno la pembeni kuhusu ngiri

Kwetu neno "ngiri" limebebeshwa kila kitu: tumbo kuunguruma, mgongo kuuma, nguvu za kiume kupungua. Ndiyo maana dawa ya ngiri inauzwa kwenye chupa kila stendi. Ngiri ninayoizungumzia hapa ni tundu kwenye ukuta wa tumbo ambalo utumbo au mafuta hupenya. Tundu halizibwi na mzizi, wala na mkanda wa jimu, wala na kuimarisha tumbo. Linazibwa na mpasuaji. Chuma kizito mara nyingi hutokeza tu ngiri ambayo udhaifu wake ulishakuwepo, kwa hiyo usijilaumu kwamba umejiharibu.

Upasuaji wenyewe si wa kuogopa kama inavyosemwa vijiweni. Kwa kawaida wanashonea wavu mdogo juu ya tundu. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika mashariki mwa Uganda, kwa wanaume 302, ukilinganisha wavu wa viwandani wa bei kubwa na wavu wa chandarua uliotakaswa kitabibu. Baada ya mwaka mmoja, wagonjwa wa pande zote mbili walikuwa wanaendelea vizuri karibu sawa. Nalitaja hilo kwa wale wanaodhani huduma hii ni ya matajiri wa Ulaya. Ukishafanyiwa, tarehe ya kurudi kwenye chuma anaipanga aliyekupasua, si mimi.

Kuanzia hapa naongea na mwenye jeraha la misuli, kano au mfupa wa kinena, na kwa sehemu mwenye kiungo kinachobana.

Hatua ya 2: siku tano za mwanzo

Acha kilichokuumiza, usiache kutembea. Siku 2 au 3 za mwanzo weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 10 hadi 15, kupunguza maumivu. Usikande kwa maji ya moto jeraha bichi, na usimpe mchua misuli nafasi ya kulisugua. Damu inavuja ndani na wewe unaichochea. Baada ya siku hizo maji ya uvuguvugu hayana neno kama yanakupa nafuu.

Usichane msamba. Narudia kwa sababu ndilo kosa lililonila miezi minne: msuli uliochanika unajikaza ili kujilinda, na wewe ukihisi ukakamavu unadhani dawa ni kuuvuta. Ukiuvuta, unafungua kile kilichoanza kushikana.

Dawa za maumivu kama diklofenaki na wenzake zisinywewe kabla ya mazoezi ili "kuua maumivu". Namba zako za maumivu ndizo ramani yako. Ukizizima unatembea gizani. Tena mwenye vidonda vya tumbo au shida ya figo asizinunue duka la dawa bila kumwuliza mtabibu.

Mikono, kifua na mgongo fanya kama kawaida, ukikaa au kulala. Kuendelea kufika uani kunasaidia moyo usikate tamaa.

Hatua ya 3: rudisha nguvu

Hapa ndipo penye tiba, na hapa ndipo watu wanapopakwepa. Mwaka 1999 madaktari wa Denmark walichapisha utafiti kwa wanamichezo waliokuwa na maumivu sugu ya misuli hii. Kundi moja lilifanya mazoezi ya nguvu kwa wiki 8 hadi 12. Lingine lilipewa kusuguliwa, kuvutwa na mashine za umeme. Katika kundi la mazoezi, 23 kati ya 29 walirudi michezoni bila maumivu. Katika lile lingine, 4 kati ya 30. Kila anayeniambia "napumzika tu, itapona" namtajia namba hizo.

Sheria ya maumivu ni moja: wakati wa zoezi yasizidi 3, na kesho yake asubuhi, ukishuka kitandani, yawe yamerudi pale yalipokuwa jana. Asubuhi ikikuambia yameongezeka, punguza, usiache.

Anza na mpira wa miguu wa kawaida. Lala chali, magoti yamekunjwa, mpira katikati ya magoti. Bana sekunde 10 kwa nusu ya nguvu, achia, mara 5. Kila siku ongeza kidogo hadi ufike sekunde 30, mara 10. Halafu hamishia mpira kati ya nyayo, ukiwa umenyoosha magoti. Utashangaa ulivyo mzito.

Maumivu ya kubana yakishuka chini ya 3, anza kuusogeza mguu. Kata tyubu ya baiskeli kuukuu, ifunge kwenye nguzo chini, ipitishe kwenye kifundo, uvute mguu kuja ndani na kuuachia taratibu kwa kuhesabu hadi tatu. Seti 3 za mara 12, kila mguu, hata ule mzima. Kama nyumbani kuna sakafu ya vigae, simama juu ya kitambaa kwa mguu mmoja, uteleze kwenda pembeni huku goti la pili likikunjika, kisha uuvute mguu urudi. Nenda umbali ambao maumivu yanaruhusu tu.

Mwenye maumivu ya msuli wa mbele afunge tyubu hiyo hiyo kwenye miguu yote miwili, asimame ameegemea ukuta, ainue goti hadi usawa wa kiuno, ashushe polepole.

Kisha linakuja zoezi lililo bora kuliko yote kwa misuli ya ndani ya paja, lile lenye jina la Copenhagen. Lala ubavu, kiwiko chini ya bega. Mguu wa juu uweke juu ya benchi. Anza kwa kuweka goti, si unyayo, ili mzigo uwe mwepesi. Inua kiuno hadi mwili unyooke, mguu wa chini ukipanda kukutana na benchi, halafu shuka kwa kuhesabu hadi tatu. Mara 5 zitakutosha siku ya kwanza, na kesho yake utatembea kama mtu aliyepanda farasi. Uchungu huo wa misuli yote ya paja ni wa kawaida. Uchungu wa nukta moja pale pale palipoumia sio. Fanya mara 3 kwa wiki. Ukifika seti 3 za mara 8 kwa goti, hamia kwenye kifundo cha mguu.

Mchaniko mdogo huchukua wiki 2 au 3 kufika hapa. Tatizo la miezi, kama langu, linakula wiki 8 hadi 12, na mfupa wa kinena unaweza kuzidi hapo.

Hatua ya 4: rudi kwenye chuma

Usirudi kwa kuangalia kalenda. Rudi siku ambayo jaribio la kubana linatoa kijani, unapanda ngazi bila kufikiria, na Copenhagen ya goti haikuumi zaidi ya 2.

Kwanza tafuta miguu yako inataka kukaa wapi. Piga magoti na mikono chini kama mtoto anayetambaa, sukuma makalio kuelekea visigino, na mwenzako aangalie mgongo wako wa chini. Jaribu magoti yakiwa karibu, kisha mbali kidogo, kisha mbali zaidi. Upana ambao makalio yanafika mbali bila mgongo kujikunja ndio upana wako wa skwati. Vikombe vya nyonga havifanani kati ya mtu na mtu. Kuna aliyeumbwa kuchuchumaa mapana, na kuna ambaye akifanya hivyo mfupa unagonga mfupa hata awe laini kiasi gani. Usiige miguu ya jirani.

Sasa weka kreti ya soda nyuma yako. Kumbatia dumu la maji la lita 5 kifuani. Maji lita 5 ni kilo 5, kipimo ambacho hakidanganyi. Shuka kwa kuhesabu tatu, gusa kreti, panda. Magoti yafuate vidole vya miguu, yasiingie ndani. Seti 3 za mara 8. Mazoezi mawili mazuri mfululizo, hamia dumu la lita 10, halafu 20. Ndipo uondoe kreti, ndipo uchukue chuma kitupu, ndipo uongeze uzito kwa asilimia 5 hadi 10 kwa wiki. Mwenye kiungo kinachobana abaki na kreti, hata juu yake aongeze ubao, ashuke mpaka kabla ya pale panapogonga. Skwati ya nusu isiyouma inajenga paja.

Dedilifti ya miguu ya kawaida irudi pamoja na skwati. Ile ya miguu mipana iwe ya mwisho kabisa, wiki kadhaa baadaye.

Na wale wa vyuma vya zege, yaani makopo yaliyomwagiwa zege na kushikishwa kwenye chuma, pimeni makopo yenu. Tulipeleka yetu mawili, yaliyomwagwa siku moja kutoka kwenye karai moja, kwa mnunuzi wa vyuma chakavu mwenye mizani. Moja kilo 23, lingine kilo 26 na nusu. Mwaka mzima tulikuwa tukichuchumaa tumeinama upande mmoja, na mimi niliumia upande ule ule. Siwezi kuapa kwamba ndiyo sababu, lakini siku hiyo tuliyaweka alama kwa rangi, na lile jepesi tukalifungia mfuko wa mchanga.

Ukishapona, baki na seti mbili za Copenhagen mara moja kwa wiki. Kwa wachezaji mpira wa Norway, programu ya zoezi hilo moja ilipunguza hatari ya matatizo ya kinena kwa asilimia 41 katika utafiti uliochapishwa 2019. Sisi si wachezaji mpira, ila misuli ni ile ile.

Kama wiki sita zimepita na namba hazishuki

Nenda kwa daktari au mtaalamu wa fiziotherapia na daftari lako. Ngiri ndogo, mfupa na kiungo vinaweza kuhitaji ultrasaundi, eksirei au MRI kuonekana. Na kwa kuwa najua wengi mtafika mlangoni mkasema "nyonga", nawaandikia maneno ya kusema, muyasome kwenye simu kama ulimi utakuwa mzito: "Daktari, naumwa kinena, upande wa kulia. Kilianza tarehe fulani nikiwa nanyanyua uzito. Nikikohoa kinauma au hakiumi. Nimeona uvimbe au sijaona. Korodani ziko sawa au haziko sawa. Naomba unipime nikiwa nimesimama, na unipime nikikohoa." Ngiri ndogo hujificha ukilala, kwa hiyo sentensi hiyo ya mwisho usiiache.